Samaki wa maji ya chumvi akiugua: maswali ya karantini

Samaki wangu aina ya kangaja ana vidoa vyeupe. Kwa nini nisitie dawa kwenye akwariamu yenyewe, yenye matumbawe?

Dawa tunayoitegemea ni shaba, na kiwango cha shaba kinachomponya samaki kinaua matumbawe, kamba, kaa na konokono. Mawe na mchanga wa chokaa nao huifyonza: unaweka dozi kamili asubuhi, jioni kipimo kimeshuka, na vimelea vinaendelea kuzaana.

Andaa tangi la pembeni, yaani la karantini, lita 40 hadi 80 kwa samaki wadogo, zaidi ya hapo kwa kangaja mkubwa. Lisiwe na mchanga wala mawe. Weka hita, kipimajoto, kichujio cha sponji chenye pampu ya hewa, na vipande viwili vitatu vya bomba la PVC ajifiche ndani. Lifunike, maana samaki aliyeshtuka huruka nje. Joto liwe nyuzi 25 au 26, na chumvi ilingane na ya maji anakotoka.

Hamisha samaki wote, si mgonjwa peke yake. Kimelea cha vidoa vyeupe, *Cryptocaryon irritans*, kikimaliza kula mwilini hudondoka, kikajifunga ndani ya gamba juu ya mawe au kioo, kisha kikatoa watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Kutotoa huko kumewahi kuchukua hadi siku 72, ndiyo maana tunashauri akwariamu kuu ikae siku 76 bila samaki hata mmoja. Matumbawe na konokono wabaki humo. Kimelea hiki hakiishi kwao.

Nitajuaje ni ugonjwa gani?

Zima taa, kisha mmulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Vidoa vya Cryptocaryon vinafanana na punje za chumvi, unaweza kuvihesabu, na mara nyingi hupotea siku chache halafu vikarudi vingi zaidi. Kupotea huko si kupona: vimelea vimeanguka kwenda kuzaana.

Ukiona unga mwembamba wa kijivu au dhahabu, samaki anatweta na amejibana mbele ya mkondo wa pampu, shuku kimelea kingine, *Amyloodinium*. Hiki hushambulia matamvua kwanza, na samaki anaweza kufa kabla unga haujaonekana kwenye ngozi. Hapa hakuna kusubiri kesho.

Samaki wa anemoni anayetokwa na ute mzito kama ngozi inabambuka huenda ana kimelea cha *Brooklynella*. Shaba haimsaidii, dawa yake ni josho la formalini, na formalini ni sumu inayosababisha saratani, kwa hiyo vaa glavu, fanyia kazi penye hewa na uweke pampu ya hewa ndani ya josho, kwa sababu hupunguza oksijeni majini. Macho yenye ukungu, kujisugua na kutikisa kichwa huashiria minyoo bapa.

Josho la maji yasiyo na chumvi linafanywaje?

Tumia ndoo safi yenye maji yasiyo na klorini. Joto liwe sawasawa na la tangi, na pH ipandishwe kwa baking soda kidogo kidogo hadi ilingane pia. Tia hewa kwa pampu kabla ya kumwingiza samaki. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Kulala ubavu mwanzoni ni kawaida. Akipoteza nguvu kabisa au kuhema kukikatika, mtoe papo hapo.

Baada ya hapo mulika sakafu ya ndoo. Minyoo bapa hugeuka weupe na kulala chini, na hapo umepata jibu la uhakika. Kumbuka kuwa josho hupunguza mzigo tu, halitibu. Kwa minyoo hao tumia prazikwanteli miligramu 2.5 kwa lita, urudie baada ya siku 5 hadi 7, kwa sababu dawa haiui mayai.

Shaba niweke kiasi gani, na kwa siku ngapi?

Inategemea aina, na hapa ndipo wengi hukosea. Shaba sulfeti isiyofungwa hutumika kwa miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Zile zilizofungwa kikemikali huhitaji kiwango cha juu zaidi, mara nyingi kati ya 1.5 na 2.5, kadiri lebo inavyoelekeza. Ukichanganya namba hizi mbili, ama umemuua samaki ama hujamtibu kabisa. Vivyo hivyo kwa kifaa cha kupimia: hakikisha kinasoma aina uliyonayo. Kipimo cha kidijitali ni bora, kwani jicho halitofautishi vizuri 0.15 na 0.20 kwa rangi ya kwenye mrija.

Usikisie ujazo wa tangi. Lijaze kwa ndoo yenye alama za lita, hesabu, kisha chora mstari kwenye kioo pale maji yalipofikia. Pandisha dozi kwa siku 2 au 3 badala ya mara moja, ili samaki azoee. Pima kila siku.

Shaba huua kimelea kinapoogelea tu. Kilichozama kwenye ngozi na kilicho ndani ya gamba haikigusi, ndiyo maana kiwango lazima kishikiliwe siku 30 mfululizo. Kikishuka chini ya kiwango siku ya 20, anza kuhesabu upya. Inauma, lakini hakuna njia ya mkato hapo. Unapobadilisha lita 20, maji mapya yawe tayari na shaba ya kiwango kile kile. Lakini maji yaliyopungua kwa kukauka yajaziwe kwa maji yasiyo na chumvi wala shaba, kwa sababu vyote viwili vimebaki tangini.

Vidoa vimepungua, lakini siku ya nne anatweta juu ya maji. Shaba imemzidi?

Pima shaba, ila kwanza pima amonia. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha, na katika pH ya maji ya chumvi sehemu ya amonia iliyo katika hali yake yenye sumu huwa kubwa kuliko katika maji yasiyo na chumvi. Samaki wengi wa karantini huuawa na hii wakati mwenye tangi anaulaumu ugonjwa.

Badilisha nusu ya maji leo, na tena kesho ikibidi, kwa maji yenye shaba. Usimimine dawa ya kufunga amonia pamoja na shaba: baadhi huibadilisha shaba ikawa kali zaidi kwa samaki. Ongeza jiwe la hewa na uone maji ya juu yakitikisika kote. Kwa siku za mbele, acha sponji ya akiba ndani ya kichujio cha akwariamu kuu wiki 3 hadi 4, ili karantini ikihitajika bakteria wawe tayari.

Samaki hali chakula kabisa. Kitunguu saumu kitasaidia?

Hakiui vimelea. Jaribu artemia (vijikamba vidogo) hai, kidogo kidogo mara tatu kwa siku, taa zikiwa hafifu, na nyonya mabaki kwa mrija baada ya dakika 10. Kama hajala tangu shaba ianze kupanda, isimamishe pale ilipo kwa siku moja.

Nyavu moja inatosha kwa matangi yote mawili?

Hapana. Nyavu, mrija, ndoo na hata mkono wenye maji hubeba vimelea. Hudumia akwariamu kuu kwanza, karantini mwisho.

Siku 30 zimeisha. Nimrudishe?

Bado. Ondoa shaba kwa kubadilisha maji na kuweka kaboni kwenye kichujio, kisha mwangalie wiki 2 bila dawa yoyote. Kidoa kikijitokeza, unarudi kwenye shaba akiwa bado karantini. Na hata akiwa msafi, hesabu ya siku 76 za akwariamu kuu haibadiliki.