Kabla hujasema muvi ni mbovu, niambie uliiangalia wapi

Oppenheimer, muvi ya yule mwanasayansi wa bomu la nyuklia, niliiangalia mara ya kwanza ndani ya mwendokasi, Kimara mpaka Gerezani, kwa vipande, asubuhi nne mfululizo. Simu yangu ina ufa kwenye kioo, kidude cha sikio la kushoto kilikuwa kimeshakufa, na kila kituo kulikuwa na mtu wa kuniegemea begani. Siku ya nne nilipofika dukani nikatangaza: saa tatu za wanaume wenye suti wanaobishana, na bomu lenyewe linalipuka kama fataki iliyolowa. Nauza vitenge Kariakoo, na pale dukani nikisema kitu kuhusu muvi huwa nasikilizwa. Wasichana wawili hawakuiangalia mpaka leo kwa sababu yangu.

Miezi kadhaa baadaye nikalala kwa kaka yangu Tabata. Ana TV ya ukutani na spika anazozipenda kuliko ndugu zake. Akaiweka ileile muvi, nikataka kwenda kulala, akanizuia. Ikafika ile sehemu ya jaribio la bomu kule jangwani. Mwanga unajaa skrini nzima, halafu hakuna sauti. Unasikia pumzi za watu tu. Unasubiri, unasubiri, unaanza kudhani spika zimekatika, ndipo kishindo kinakuja na madirisha ya kaka yangu yanatetemeka. Wale watu walikuwa wamesimama mbali sana na bomu, na mwanga hukimbia kuliko sauti, kwa hiyo ndivyo ingekuwa kweli. Mwongozaji wake, Christopher Nolan, aliijenga sehemu ile yote juu ya ukimya. Mimi ukimya huo niliupeleka katikati ya honi na watu wanaosukumana kushuka Magomeni Mapipa, halafu nikamlaumu yeye.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia muvi fulani ni mbovu, simbishii. Namuuliza tu uliiangalia wapi, saa ngapi, na nani. Mara nyingi jibu linatoka hapo.

Simu siidharau. Ukipanda pale Kimara mwisho alfajiri unapata kiti, na ukiwa na kiti una karibu saa nzima yako peke yako (angalia tu simu isionekane dirishani basi likisimama). Lakini chagua cha kuipa. Tamthilia zinafaa sana, kwa sababu kila kitu kinasemwa kwa mdomo: mama mkwe anasimama jikoni peke yake na kutamka mpango wake wote kwa sauti. Hata kioo kikiwa na ufa hupitwi na kitu. Vichekesho pia vinafaa, na muvi ulizokwisha kuziona. Ila muvi yenye usiku mwingi, ukimya mwingi au uwanda mpana, iache mpaka ufike nyumbani.

Sasa kuhusu vijana wanaokuwekea muvi kwenye flashi. Nitakiri, maana ukoo mzima unajua: bado nawekewa muvi. Mwaka 2025, Sinners ilipotoka mwezi wa nne, kijana mmoja akaniambia, "Dada, hii safi kabisa, chukua kabla haijaisha." Haijaisha vipi, na ni faili? Nikachukua. Ilikuwa imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema. Kuna mtu anapita mbele na kichwa chake mara mbili, na sauti kama inatoka ndani ya ndoo.

Kuna sehemu katikati ambayo kijana Sammie anaimba na gitaa kwenye ile karakana ya mbao iliyogeuzwa klabu. Stori ni ya Mississippi, mwaka 1932. Ghafla nikaona jamaa na gitaa la umeme, halafu mtu anachezesha santuri kama DJ wa harusi ya Sinza, halafu wapiga ngoma wamevaa Kiafrika. Nikasimamisha. Wallahi nilidhani yule kijana amechanganya faili na video ya muziki. Nilirudi kwake kudai. Akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Dada, hiyo ndiyo yenyewe."

Nikaenda kuiona Mlimani City. Pale ndipo nilipoelewa kwamba muziki wa yule mtoto unapasua ukuta kati ya waliokufa na ambao hawajazaliwa, wote wanaingia kucheza ndani ya klabu moja, na kamera inazunguka katikati yao kama na yenyewe imepandisha mashetani. Mwongozaji, Ryan Coogler, hakuhitaji mtu aeleze. Ngoma inakuingia kifuani, unaelewa. Kwa watu wetu tunaojua ngoma ya kupunga ni nini, sidhani hata kama ni jambo la kushangaza. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, na baada ya dakika kumi unasahau kuwa ni mtu mmoja. Nusu ya mwisho, mambo ya wanyonya damu, kwangu ilikuwa ya kawaida, wameua wengi na haraka mno. Lakini kwa ile sehemu ya muziki ningelipa tena.

Halafu majina yalipoanza kupanda, nusu ya ukumbi wakanyanyuka kuwahi bajaji. Wakakosa sehemu nzima ya baadaye, Sammie akiwa mzee, na anayemwigiza ni Buddy Guy, mpiga blues wa kweli kabisa. Kaa kwenye kiti chako. Umelipia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa ukumbini ni huu. Nenda siku ya kazi, onyesho la mchana, hakuna watu wa kuwashia simu usoni mwako. Kaa katikati, nyuma kidogo ya nusu ya ukumbi. Mbele kabisa utatoka na shingo ya kukodi. Beba mtandio au kitenge, kwa sababu kiyoyozi cha kumbi za Dar kinawekwa kama wanahifadhi samaki. Na usimpeleke huko mtu anayeuliza "huyu nani sasa?" kila dakika tano, hata kama unampenda. Huyo ni wa sebuleni.

Ingawa zipo muvi zinazotaka kelele. Nilipokuwa mtoto kaka yangu alikuwa ananiingiza kibanda umiza cha Manzese, yaani banda la video la mtaani, mabenchi ya mbao, joto la kupikia ugali, pazia jeusi mlangoni. Tulikuwa tunaona za mapigano zilizotafsiriwa na Lufufu, ambaye ukimsikiliza vizuri alikuwa anaongezea chumvi mpaka muvi inakuwa yake. Ukumbi mzima unajua stelingi hafi, na bado ukumbi mzima unamwonya adui yuko nyuma yake. RRR ya Kihindi niliiangalia peke yangu chumbani nikaona upuuzi mtupu: mtu anashuka kwenye lori na chui na dubu kuvamia sherehe ya wakoloni! Mwaka jana jirani akaiweka uani kwa projekta, tukawa kama ishirini na watoto juu ya mikeka. Wale wanyama waliporuka kutoka kwenye lori, uani kulilipuka kama Simba kafunga goli. Muvi ni ileile. Mimi ndiye nilikuwa pungufu ya watu kumi na tisa.

Za kuangalia na mzazi zina taabu yake. Mama yangu Kiingereza hakipandi, na tamthilia za Kituruki anazielewa kwa sababu tu zinaingiziwa sauti za Kiswahili. Nikamwekea 12th Fail, ya Kihindi, ya mwaka 2023, yenye maandishi ya Kiingereza chini, nikajifanya Lufufu. Ni kisa cha Manoj, kijana wa kijijini ambaye shule yake ilizoea kuibia mtihani wa darasa la kumi na mbili, mpaka akatokea askari mwadilifu akazuia, na darasa lote likafeli. Anakwenda Delhi, anasaga unga kwenye mashine huku akijisomea mtihani wa utumishi wa serikali. Anaufeli, anaanza upya, anaufeli tena.

Dakika ya kumi mama ananikatiza: "Hajasema hivyo. Amesema maji." Nikashangaa. Kumbe Kihindi chake anacho, cha sinema. Akaanza kunihadithia Drive-In, ile iliyofunguliwa mwaka 1966 pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa, barabara ya zamani ya Bagamoyo. Anasema Jumapili ilikuwa siku ya muvi za Kihindi, wanajipakia nyuma ya pikapu ya mjomba wake na sufuria ya pilau, spika wanaining'iniza dirishani. Anasema wengine walikuwa wanazijua nyimbo zote bila kujua neno moja maana yake nini. Muvi ikaendelea yenyewe kwenye TV, hatukuisimamisha. Tulikuja kushtuka pale bibi yake Manoj anapompa akiba yake yote aende mjini, na begi linaibwa njiani. Mama akanyamaza. Kaka yangu huyuhuyu mwenye spika alirudia kidato cha nne mara mbili, na ada ya marudio ilitoka kwenye vitumbua vya mama. Sikumtafsiria kitu tena mpaka mwisho. Hakuhitaji.

Kwa anayetaka kuangalia na mzazi: soma kwanza inahusu nini, uijaribu mwenyewe dakika ishirini za mwanzo ili usije kupapasa rimoti kwa hofu, na ukubali kwamba mtazungumza juu yake. Akizungumza usimnyamazishe. Muvi unaweza kuirudia.

Na sisi wenyewe? Watu wananiambia Vuta N'Kuvute inakwenda polepole. Wengi wao waliiangalia mchana, pazia wazi, jua la Dar linapiga kioo cha TV. Filamu ile ya Amil Shivji imejaa usiku: taa za koroboi, vichochoro vya Mji Mkongwe, nyuso zinazotokea gizani kidogokidogo. Ukiiangalia saa nane mchana utaona sura yako mwenyewe kwenye kioo. Nimeirudia saa tano usiku, taa zimezimwa, na ule upole wake ukawa ndio utamu. Yasmin anatoroka ndoa ya kulazimishwa, anakutana na Denge anayehangaikia uhuru wa Zanzibar wakati wa Mwingereza, na Siti Amina kama Mwajuma anaimba mpaka unataka kuhamia Unguja. Nilichokikosa ni muda zaidi na Mwajuma. Waliosoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano watatafuta sura zilizoachwa, na watanuna. Waiache riwaya kabatini kwa saa moja na nusu. Tanzania iliipeleka kwenye Oscar mwaka 2022, mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 20, na bado nakutana na watu wa hapahapa wasiojua kama ipo. Hao ndio wananiambia Bongo hatuna muvi.

Mwisho ni ile ya paka. Masika hii kulikuwa na Jumamosi mvua imeanza alfajiri, barabara imejaa, umeme umekatika, na nyumbani nina wapwa watatu wanaotaka kuuana. Kompyuta yangu ilikuwa na chaji ya saa mbili. Tatizo la nyumba yetu ni bati: mvua ikinyesha hausikii hata anayekuita chumba cha pili, sembuse muvi. Nikakumbuka nina Flow, katuni ya Latvia ya mwaka 2024, iliyoshinda Oscar ya katuni. Ndani yake hakuna neno hata moja. Wanyama tu: paka, mbwa, komba fulani wa Madagaska mwenye tamaa ya vitu vinavyong'aa, panya mkubwa wa Amerika ya Kusini anayelala tu, na ndege karani, yule wa mbugani kwetu mwenye miguu kama kavaa kaptula. Maji yanafurika dunia nzima, wanajikuta wote ndani ya mashua moja.

Nje mafuriko, ndani mafuriko, juu ya bati kelele. Hakuna aliyeuliza "kasema nini?" kwa sababu hakuna aliyesema. Mdogo wa miaka minne aliifuata sawasawa na mama yangu, ambaye alijifanya anachambua mchele lakini ungo ulikuwa umeshasimama zamani. Alimchukia yule komba kuanzia mwanzo ("mbinafsi kama baba yako mdogo"). Maji yalipompanda paka shingoni, mtoto akamshika bibi yake mkono, na chaji ikawa imebaki asilimia sita. Ilizima majina yakiwa yanapanda.

Juzi, jua kali, umeme upo, nikamwambia mama nimwekee tena ile ya paka. Akatazama nje, akatazama bati.

"Ngoja vuli," akasema.