Chupa za dawa za picha zina utando ndani: nizisafishe vipi?

Swali: Nimenunua chupa za kioo na za plastiki kutoka studio ya picha iliyofungwa. Nyingine zina utando wa kahawia ndani, moja ina ukoko mweupe. Sabuni imeshindwa. Nataka kuwekea developa (dawa ya kutokeza picha) na fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu) za filamu nyeusi na nyeupe. Je, nitie jiki?

Jibu: Jiki iweke kando kabisa. Hujui chupa ilibeba nini, na fiksa nyingi zina asidi na chumvi za amonia. Masalia yake yakikutana na jiki hutoa gesi inayochoma mapafu. Ukichanganya jiki na siki, unapata klorini.

Utando wa kahawia mara nyingi ni developa iliyoharibiwa na hewa. Ukiwa umeshika imara, hauna madhara. Kinachodhuru ni vipande vinavyobanduka, kwa sababu vikinata kwenye filamu huacha doa. Basi jaza maji ya uvuguvugu, acha yalale humo usiku kucha, kisha yamimine kwenye beseni jeupe. Ukiona chembe zinaelea, tia konzi ya mchele mkavu na maji kidogo, funga, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza. Rudia hadi maji yatoke safi. Plastiki ikibaki na rangi usijisumbue: rangi imeshaingia ndani yake.

Ukoko mweupe mara nyingi ni chokaa ya maji magumu. Kijiko kikubwa cha asidi ya sitriki katika nusu lita ya maji ya moto kitaulainisha ndani ya saa moja hivi. Siki nayo hufaa, ila huchukua muda zaidi. Ukiwa ni unga wa manjano hafifu, hiyo ni salfa ya fiksa iliyoharibika, na asidi haiigusi. Sugua kwa brashi. Ikigoma, tupa chupa.

Mafundi wa zamani walitumia daikromati ya potasiamu na asidi ya salfuriki. Inasafisha kweli, lakini kromiamu yake husababisha saratani, nami siipendekezi nyumbani.

Chupa inayonukia fiksa ibaki ya fiksa. Chembe ya fiksa ndani ya developa huleta ukungu, yaani weusi hafifu usiotakiwa, kwenye negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa). Developa ipe chupa za kioo, maana plastiki nyingi hupitisha hewa polepole.

Vifuniko nunua vipya. Dawa hujificha chini ya ile duara laini ya ndani, na hapo brashi haifiki.