Kaka Alinisomesha, Mimi Nikamnyima Karo ya Binti Yake

Juma lililopita nilipata ujumbe wa msomaji kutoka Nakuru. Kaka yake ndiye aliyemsomesha mpaka Kidato cha Nne. Sasa kaka huyo anaumwa, hafanyi kazi, na wazazi wanamtaka msomaji wangu amlipie karo mtoto wa kaka. Naye ana mwanawe anayeanza shule mwaka huohuo, na mfuko hauwatoshi wote wawili. "Dada, nianze na nani?"

Niliusoma mara nne kabla ya kumjibu. Swali hilo mimi nililijibu miaka miwili iliyopita, na nililijibu vibaya.

Kwetu ni Malindi. Kaka yangu ni fundi seremala. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, na miaka yangu minne ya bweni ililipwa kwa vitanda na milango aliyochonga yeye. Aliahirisha ndoa yake mara mbili kwa ajili yangu, wala hajawahi kunikumbusha. Kisha msumeno wa mashine ukamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, na Januari hiyohiyo binti yake akaitwa shule ya bweni. Karo ilizidi shilingi 40,000 kwa mwaka, mbali na sare, godoro na sanduku. Mwanangu alikuwa shule ya kibinafsi hapa Nairobi, na deni la muhula uliopita hatujalimaliza.

Mimi na mume wangu mambo ya pesa huyazungumza kwa Kiingereza, ni mazoea tuliyoyatoa kazini. Jioni ile tukafungua kompyuta, tukapanga hesabu, na kwa lugha ile kila kitu kikakaa mahali pake: mtoto wako kwanza, shule ya kutwa ipo karibu na kwao, binti hatakosa kusoma. Dakika ishirini tukawa tumemaliza. Sikusita hata kidogo. Nikamwandikia kaka, naye akajibu: "Haya mdogo wangu. Mungu atafungua mlango."

Usiku nikampigia mama nimweleze sababu zetu. Kwa Kiswahili hazikutamkika. Nilipofika kwenye kusema kwamba mtoto wa kaka si jukumu langu, ulimi ulikataa, nikasingizia mtandao nikakata simu.

Nilikuja kuelewa baadaye, niliposoma kazi za wanaochunguza jinsi watu wanavyoamua mema na mabaya. Wana kisa chao maarufu, kilichoanzia kwa mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot mwaka 1967. Gari la reli linakwenda bila kuzuilika, mbele kuna watu watano, ukiligeuza njia linamuua mmoja. Wengi husema geuza. Mmarekani Judith Jarvis Thomson akakibadilisha: sasa uko juu ya daraja, na njia pekee ya kuwaokoa watano ni kumsukuma mtu mnene aliye kando yako aanguke relini. Hesabu ni ileile, mmoja kwa watano, lakini hapo wengi hukataa, kwa sababu mkono ni wako na mtu unamwona.

Mwaka 2014 mtafiti Albert Costa na wenzake wakawauliza watu kisa cha daraja, wengine kwa lugha yao ya kuzaliwa, wengine kwa lugha waliyojifunza baadaye. Waliosoma kwa lugha ya kujifunza walikubali kumsukuma yule mtu kwa wingi zaidi. Utafiti uliofuata, wa 2017, ulionyesha kuwa watu hao hawakuwa wamefikiri zaidi kuliko wenzao. Uchungu wa kumdhuru mtu ndio uliokuwa umepoa. Niliposoma hapo nikafunika kompyuta. Ndicho nilichokifanya mimi. Nilidhani nimetumia akili, kumbe nilikuwa nimehamia kwenye lugha ambayo kaka yangu hajawahi kunibembeleza nayo.

Na swali la msomaji wangu lina umri mrefu. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Carolyn Pope Edwards aliwahoji Wakipsigis na Waluhya, wazee na wanafunzi, akiwapa kisa cha Daniel: kasomeshwa na kaka yake, kaka kapata ajali, wazazi wanamtaka amlipie mtoto wa kaka, naye pesa za watoto wawili hana. Ndani ya kisa hicho yumo mke wa Daniel, anayesema mtoto wao atangulie. Mimi nilikuwa Daniel na mkewe kwa pamoja.

Kaka wa Nakuru, sikuambii umlipie nani. Wazazi wako nao wanaweza kukosea, na mwanao pia ana haki yake. Ninachokuambia ni hiki: usiamue kwenye simu, wala kwenye karatasi ya hesabu. Nenda. Kaa naye mkekani, umwambie kwa mdomo wako, kwa lugha mliyogombania chakula utotoni. Kama maneno hayatoki, uamuzi huo bado haujaiva. Mimi nasema hivi kwa sababu mke na mume wakijifungia chumbani na Kiingereza chao wanaweza kuhalalisha lolote, na sisi tuliosoma tumelifanya hili mno kwa watu waliotusomesha. Tumewageuza ndugu kuwa matumizi ya ziada. Tuliache. Nenda ukamwone kaka yako.

Mimi nilikwenda Agosti. Binti alisoma shule ya kutwa miaka hii miwili, sasa yuko Kidato cha Tatu. Aliniamkia shikamoo, akaleta chai, akatoka. Nililipa karo yake ya mwaka mzima, nikampa kaka risiti. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaiweka chini ya redio bila kuisoma, akaniuliza kama mwanangu hajambo.