Ukitaka majina ya mahali, toka nje na mwenye kuyajua

Usianze na ramani. Mimi nilianza nayo, na majira mazima ya baridi yakapita bure. Ninaishi kisiwani Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, katika parokia ya Lochs, ambayo kwa Kigaeli, lugha ya jadi ya huku, huitwa Na Lochan, yaani Maziwa, na kweli maziwa madogo yamejaa kila upande. Nilikaa sebuleni kwa bibi mmoja jirani yangu, nikamsomea majina ya ramani moja moja. Aliitikia yote. Nikarudi nyumbani na kurasa tele zisizo na neno jipya hata moja.

Mwezi wa tano tukatoka pamoja, polepole, yeye na fimbo yake. Miguu ilipogusa nyasi, majina yakaanza kumiminika: jiwe hili, kijito kile, bonde walikokata mboji ya kuwashia moto. Tukafika kwenye magofu ya àirigh, kibanda cha malishoni ambako zamani wanawake na watoto walihamia na ng'ombe wakati wa kiangazi. Akapitisha mkono kwenye kishimo ukutani. "Hapa mama aliweka maziwa." Siku hiyo niliandika majina kumi na moja, ramani ilikuwa na mawili tu.

Washa kinasa sauti tangu mnapotoka mlangoni, ukikinga upepo kwa kitambaa, maana upepo wa huku unameza maneno. Kisha andika sauti kwanza, tahajia baadaye. Cnoc, yaani kilima, huku hutamkwa karibu na "krokhk". Ukiliandika kwa macho utalipoteza. Sisi tuliozoea kusema "kheri" na "khofu" tunayo tayari sauti ya mwisho wa loch, yaani ziwa, basi itumie bila woga.

Maana iache mwisho kabisa, na hapa nasisitiza. Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia, walikaa visiwa hivi kwa karne kadhaa, na majina mengi yanayosikika kama Kigaeli ni yao. Steòrnabhagh na Càrlabhagh yanaishia na neno la Kinorse, lugha ya Waviking hao, lenye maana ya ghuba. Ukilazimisha kila silabi iwe ya Kigaeli utabuni maana, na maana ya kubuni ikishachapishwa haing'oki. Lakini usidharau hadithi. Sehemu kadhaa za Hebrides, yaani visiwa hivi vya magharibi mwa Uskoti, kuna Àirigh na h-Aon Oidhche, Kibanda cha Usiku Mmoja, na wenyeji husimulia kwa nini hakuna aliyelala hapo usiku wa pili. Hadithi iandike kama hadithi, na aliyekusimulia umtaje kwa ruhusa yake.

Baada ya hapo ndipo ufungue vitabu vya majina vya karne ya 19 vya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, vinavyosomeka mtandaoni. Vinaonyesha jina lilivyoandikwa na watu waliolithibitisha. Watu wawili wakikupa majina mawili ya mahali pamoja, andika yote mawili.

Nakala ya sauti iachie familia kabla hujaipeleka popote. Bibi alisikiliza yake hadi mwisho, akanisahihisha jina la kijito kimoja, kisha akaniambia upande wa pili wa ziwa bado, na nije na gambuti.