Usiloweke mifuko ya kitambaa kabla ya kuitoa mizizi

Ndugu mwulizaji, tafadhali usiitie mifuko yako ya kitambaa ya kupandia mimea kwenye ndoo usiku wa leo. Umeandika kwamba nyanya zako zilinyauka majani yakiwa bado ya kijani, kwamba udongo umekwisha kuumwaga, na kwamba sasa unakusudia kuiloweka mifuko hadi asubuhi katika maji yenye dawa ya klorini na siki kidogo ya kuondoa ule ukoko mweupe, kisha upande biringanya. Maelekezo hayo nayafahamu neno kwa neno, kwa sababu ndiyo niliyopewa nilipouziwa mifuko yangu ya kwanza, nayo yaliniponza msimu mzima.

Hilo la siki nalitanguliza kwa kuwa linahusu mapafu yako. Klorini na siki havichanganywi kamwe, hata kwa kiasi kidogo, hata nje ya nyumba. Asidi iliyomo ndani ya siki ikikutana na hipokloriti ya sodiamu, ambayo ndiyo dawa yenyewe ya klorini, hufumuka gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Amonia nayo isikaribiane na dawa hiyo, na kumbuka kwamba baadhi ya mbolea za dukani zina amonia.

Sasa nije kwenye mifuko. Chukua mmoja uliokwisha kumwaga udongo, ugeuze ndani nje, kisha uinue uuelekeze kwenye mwanga. Kitambaa hiki hakikufumwa. Ni nyuzi za plastiki, mara nyingi polipropilini au poliesta, zilizoshindiliwa pamoja mpaka zikashikamana. Mzizi unapofika ukutani hukutana na hewa, ncha yake hukauka, na mmea huchipua mizizi mingine nyuma yake, jambo ambalo ndilo linalotufanya tuipende mifuko hii. Lakini mizizi mingi myembamba huwa imekwisha kupenya katikati ya nyuzi kabla ya kukauka. Pitisha ukucha ukutani utaihisi ikikwaruza, na kwenye mshono wa chini utaikuta imejisokota pamoja na udongo kiasi kwamba mshono wenyewe hauonekani.

Humo ndani ya mizizi ndimo ugonjwa unamojificha, na klorini haiufikii. Dawa hii haina macho ya kutambua kijidudu. Inaungana na kitu chochote kilichotokana na viumbe hai inachokutana nacho kwanza, uwe udongo wenye mboji, jani lililooza au ganda la mzizi, na kadiri inavyoungana ndivyo nguvu yake inavyokwisha. Mfuko mchafu ukizamishwa ndooni, maji hugeuka rangi ya chai iliyokolea, harufu ya klorini hufifia, na kuanzia hapo mfuko unakuwa umelala kwenye maji machafu tu. Kuuacha humo usiku kucha hakuongezi lolote, kwa sababu dawa ilikwisha kuisha zamani. Yule aliyeniuzia alinihakikishia kwamba saa nyingi ndizo zinazoua vijidudu. Naandika haya bado nina hasira naye, kwa kuwa alikuwa akiwauzia watu mifuko kila siku na hakuona haja ya kujua kinachotokea ndani ya kitambaa anachokiuza. Biringanya nilizopanda katika mifuko ile iliyonukia usafi zilistawi vizuri hadi zilipoanza kutoa maua, kisha zikalegea mchana, zikainuka kidogo jioni, na hatimaye zikalala moja kwa moja.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria dawa yoyote, jua nyanya zako zilikufa kwa nini. Kama bado unalo shina lolote, likate karibu na ardhi, chukua kipande kifupi, na ukining'inize katika bilauri ya maji safi bila kukitikisa huku ncha iliyokatwa ikigusa maji. Ukiona baada ya dakika chache uzi mwembamba mweupe, mithili ya maziwa, ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, unaosababishwa na Ralstonia solanacearum. Bakteria huyu hashambulii nyanya peke yake, bali hata biringanya, pilipili na viazi, kwa hiyo kubadilisha nyanya kwa biringanya, kama unavyokusudia, ni kumwandalia mlo mwingine. Mfuko uliotoa mmea wenye dalili hiyo usiusafishe. Ufunge na uutupe pamoja na mizizi yake, wala usiuchome, kwa maana ni plastiki. Ikiwa mashina umekwisha kuyatupa, basi chukulia kwamba ulikuwa ugonjwa huo huo, kwani kunyauka majani yakiwa ya kijani ndiko kunyauka kwake. Bei ya mfuko ni ndogo mno ukiilinganisha na msimu.

Mifuko ambayo mimea yake ilimaliza msimu ikiwa na afya ndiyo ya kuhangaikia, na kazi yake kubwa hufanyika pakavu. Iache ikauke kabisa, si juu juu, mpaka udongo ulioganda ukutani upasuke wenyewe na mizizi ikatike kwa kuguswa. Ukiuosha mfuko ungali na unyevu, unageuza udongo kuwa tope na kulisukuma ndani zaidi kati ya nyuzi, na hapo baadaye hata maji ya kumwagilia hayatapita vizuri. Ukishakauka, ugeuze ndani nje, upige ukutani, kisha usugue kwa brashi ngumu kuanzia mdomoni kuelekea chini, na ile mizizi ya kwenye mshono uitoe kwa vidole, mmoja mmoja. Inachosha, na mfuko mkubwa unaweza kukumalizia sehemu nzuri ya asubuhi. Hakuna hatua nyingine inayoweza kuchukua nafasi ya hii. Mashine ya kufulia usiifikirie mpaka mizizi yote imetoka, kwa sababu mchanga na mizizi huziba pampu yake.

Baada ya hapo maji ya kawaida yanatosha kuusuuza. Ule weupe ni chumvi za mbolea na chokaa ya maji magumu, zinazobaki pale maji yanapogeuka mvuke na kupotelea hewani kupitia ukuta wa mfuko. Siki iliyochanganywa na maji huyeyusha chokaa, lakini itumie peke yake, usuuze vizuri sana, na dawa ya klorini isiguse mfuko huo siku hiyo. Kwa kuua vijidudu mimi sasa napendelea joto, kwa kuwa joto hupenya hata mahali dawa isipofika: maji ya nyuzi 60 za selsiasi, yakidumu katika joto hilo kwa dakika 30, huua kuvu na bakteria wengi wanaoshambulia mimea, na polipropilini haidhuriki, maana huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Pima kwa kipimajoto na uongeze maji ya moto yanapopoa. Ukishikilia kutumia klorini, changanya sehemu moja ya dawa na tisa za maji, siku ile ile utakayoitumia, uzamishe mfuko safi kwa nusu saa, kisha usuuze mpaka harufu iishe. Maji yakibadilika rangi mfuko ukiwa ndani, utoe, uukaushe upya, na urudie brashi, kwa sababu mizizi bado imo.