Ploti ikiuzwa na wewe umo ndani

Habari ya nyumba kuuzwa humfikia mpangaji mwisho. Sisi wa ploti moja (jengo la vyumba vya kupanga) ya Maweni, Malindi, tulijulishwa na karatasi iliyobandikwa langoni: kuanzia mwezi huo kodi ilipwe kwa nambari fulani ya Paybill. Jina hakuna, sahihi hakuna. Wanafunzi wenzangu walitaka kulipa siku ile ile, wasije wakafungiwa milango. Mama mmoja, mpangaji wa siku nyingi, akatuuliza: "Wanangu, nyinyi mliingia kwa nani? Basi mwulizeni huyo."

Na ndivyo inavyotakiwa. Uliyekuwa ukimlipa ndiye akwambie kodi sasa inakwenda wapi, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: nimemuuzia fulani, tangu tarehe fulani mlipe yeye. Matapeli wanajua sana kubandika karatasi, na ukimlipa mtu asiyehusika, deni lako kwa mwenye nyumba liko pale pale.

Utaambiwa nenda ofisi ya ardhi ukafanye sachi, yaani uangalie kwenye rejista kiwanja ni cha nani. Huku Pwani haitoshi. Nyumba nyingi zetu ni nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha mwingine, mwenye nyumba humlipa kodi ya ardhi, na kinachouzwa ni jengo tu. Sachi itakuonyesha jina la mwenye kiwanja, ambaye huenda hata mnunuzi hamjui. Kwa hiyo barua ya muuzaji ina uzito kuliko unavyodhani. Na kama mwenye nyumba amefariki na wanaouza ni warithi, uliza kwa adabu nani kati yao aliyepewa mamlaka na mahakama. Ndugu wakigombana, kila mmoja atakuja kudai kodi.

Mnunuzi wetu alipofika, neno lake la kwanza lilikuwa "mimi sina mkataba na nyinyi". Asikutishe mtu kwa maneno hayo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, upangaji wa mwezi kwa mwezi unaweza kuwa wa mdomo tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka huo huo nayo inautaja upangaji huo, pamoja na mikataba isiyozidi miaka 2, katika haki zinazomfunga mwenye ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Amenunua nyumba yenye watu ndani, amenunua pamoja na upangaji wao. Ushahidi wako ni risiti na rekodi za M-Pesa. Zitoe mapema, kabla hujabadilisha laini.

Anaweza kukutoa, lakini kwa notisi. Kama hamkukubaliana vingine, notisi ya mpangaji wa mwezi haipungui mwezi mmoja na lazima iishie siku ya kulipa kodi. Kodi yako ni tarehe 5, notisi umepewa tarehe 12 Machi? Hesabu inafika tarehe 5 Mei, si mwisho wa Machi. Na kwa vyumba vya Sh2,500 kushuka chini, ambavyo wengi wetu tumelala humo katika mitaa ya Barani na Kisumu Ndogo, ipo Sheria ya Kudhibiti Kodi: hatolewi mtu wala hapandishiwi kodi bila kuhusika kwa baraza la kodi, lile linaloamua kesi za kodi za nyumba. Kufuli mlangoni, mabati kung'olewa, stima kukatwa: hizo ni njia za kukutoa bila amri ya mahakama, na sheria haiziruhusu. Chifu anaweza kuwapatanisha, lakini amri ya kukuhamisha haitoki kwake.

Kinachouma zaidi ni dipoziti, zile pesa za amana ulizotoa ulipoingia. Muuzaji anasema alimkabidhi mnunuzi, mnunuzi anasema hakupewa kitu, nawe unapigwa danadana huku umekaribia kumaliza chuo. Msisubiri siku ya kuhama. Wiki ile ile ya mauzo, andikeni orodha moja ya ploti nzima: jina, chumba, kiasi, tarehe ya kulipa. Muuzaji atie sahihi kwamba amezitoa, mnunuzi atie sahihi kwamba amezipokea. Akikataa mmoja, mshike aliyepokea pesa zako mkononi, kwani hao wawili wana mambo yao. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na imewekewa siku 60 za kutoa uamuzi.

Piga picha za chumba pia, hasa vile vioo vya luva vilivyovunjika kabla hujaingia na bomba linalovuja, maana mwenye nyumba mpya hajui kilichoharibika zamani na atakukata wewe.

Mkienda likizo au kwenye mafunzo ya kazini, mwachieni jirani nambari ya simu, na kodi ya likizo ilipwe kwa wakati. Chumba kilichofungwa miezi miwili bila kodi ndicho keyateka (msimamizi wa ploti) hukimbilia kusema kimehamwa.