Haidroksiurea kwa mtoto mwenye selimundu: anza sasa

Pole sana, dada. Umesema mwanao wa miaka 4 ana selimundu (sikoseli), daktari amemwandikia haidroksiurea, jirani akakutisha kuwa ni dawa ya saratani, na sasa unafikiria kusubiri tiba ya jeni, yaani ya kurekebisha vinasaba vya chembe za damu.

Mpe dawa. Ni kweli hutumika pia kwa baadhi ya saratani za damu, lakini kwa mwanao kazi yake ni kuamsha himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) aliyokuwa nayo akiwa tumboni mwako, ambayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje na kuziba mishipa. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019, uliwafuatilia watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi kule Kenya. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kwa takriban theluthi mbili, malaria karibu nusu, na vifo pia vilipungua. Hao ni watoto wanaong'atwa na mbu walewale wanaomng'ata wako, ndiyo maana nauamini sana.

Usikose kipimo cha picha kamili ya damu, maana dawa ikizidi hushusha chembe nyeupe. Kama una mimba, mtu mwingine ashike vidonge hivyo. Homa ikifika nyuzi 38, nenda hospitali usiku huohuo.

Casgevy, tiba ya jeni, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 kwa wenye miaka 12 na zaidi. Huanza na kemo kali, yaani dawa za kusafisha uboho wa mifupa, na Marekani ilitangazwa kwa dola milioni 2.2. Ubongo na figo za mwanao, ambavyo selimundu huweza kuviharibu mapema, haviwezi kuisubiri.